Gerezani, kwa waganga wa funguo

Ndugu msomaji, mgeni anayefika Dar es Salaam kwa mara ya kwanza huonyeshwa bahari, Makumbusho ya Taifa na Mnara wa Uhuru pale Mnazi Mmoja. Ni nadra mwenyeji wake kumpeleka Gerezani. Hata sisi wenyeji huenda huko tunapopatwa na shida tu: gari limegoma, mashine ya kusaga imekatika mkanda, au ufunguo wa gari umekuwa bubu. Shida ikiisha tunageuza njia na kurudi nyumbani, bila ya kuutazama mtaa wenyewe wala kujiuliza ni elimu gani iliyofichika nyuma ya zile meza ndogo zilizopangwa barazani.

Leo twakualika ufuatane nasi kwa miguu mpaka huko. Jambo tulilokwenda kulitazama ni dogo kwa umbo lakini limewasumbua wengi: rimoti ya gari iliyokataa kufanya kazi mara tu baada ya kubadilishiwa betri. Huenda siku moja nawe likakufika, na ni heri likukute ukijua pa kuanzia.

NJIA YA KWENDA

Tuanzie Mnazi Mmoja. Ukiuacha uwanja nyuma yako, ukauvuka Mtaa wa Lumumba na kufuata Mtaa wa Uhuru, umekwisha kuingia Kariakoo. Jina hilo lina historia ya jasho na machozi. Baada ya Waingereza kuuteka mji huu mwaka 1916, eneo hili lilikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, yaani Waafrika waliobebeshwa mizigo ya vita ambavyo havikuwa vyao. Kikosi hicho kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na ndimi za wenyeji zikalifanya jina hilo Kariakoo. Basi kila anayelitaja soko hili huwataja wabebaji wale bila ya kujua.

Soko Kuu lenyewe, lenye mapaa ya zege yaliyofanana na miavuli iliyogeuzwa, lilichorwa na msanifu wa majengo Mtanzania, Beda Amuli, nalo likafunguliwa mwaka 1975. Mwezi Julai 2021 liliungua moto usiku, na wafanyabiashara wengi wakapoteza mali zao. Ukarabati na ujenzi mpya vikafuata. Lakini leo hatutaingia sokoni. Tutapita kandokando ya maduka ya vitenge, ya sufuria na ya simu, hadi tuupate Mtaa wa Msimbazi, kisha tushike mkono wa kushoto tukielekea kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Gerezani.

Hapa harufu hubadilika. Badala ya viungo na vitambaa vipya, pua hupokea harufu ya grisi, ya mpira na ya chuma kilichotoka kukatwa. Maduka ya vipuri yamebanana kama meno. Taa za magari, vioo vya pembeni na mabomba ya moshi vimetundikwa mpaka juu ya milango, na vijana wenye vipuri mabegani hupenya katikati ya watu wakiomba njia. Magari mengi yanayohudumiwa hapa yalitumika kwanza Japani, nchi ambayo nayo huendesha upande wa kushoto kama sisi, ndipo yakavuka bahari kuja kwetu. Pamoja na magari hayo zilikuja funguo zake, na pamoja na funguo zikaja taabu zake.

MEZA YA FUNDI

Meza ya fundi wa funguo haina makuu. Utakuta mashine ndogo ya kuchonga meno ya ufunguo, mita ya kupimia umeme, bisibisi nyembamba kama njiti za kiberiti, chombo cha kulehemu kwa risasi, mswaki uliokwisha kazi ya kinywa, na kopo la maganda ya rimoti yaliyokosa wenyewe. Juu yake kuna mwavuli mkubwa, kwa kuwa jua la Dar es Salaam halina simile.

Siku tulipofika, fundi mmoja wa makamo alikuwa amezungukwa na wateja watatu. Mmoja wao alikuwa kijana dereva wa teksi. Usiku uliopita alikuwa ameibadilisha betri ya rimoti yake nyumbani, na asubuhi vitufe vyote vikawa havisemi neno. Milango aliifungua kwa meno ya ufunguo, na gari likawaka vizuri. Lakini gari lisilofungika kwa rimoti wala kulia king'ora halikumpa amani ya kuliacha mahali popote, hata kwa muda wa kunywa chai. Duka moja lilikuwa limekwisha kumwambia kwamba rimoti imekufa, na kwamba dawa ni kununua nyingine.

"Shikamoo mzee," alisema kijana, akiiweka rimoti mezani. "Nimeambiwa ninunue mpya. Fedha yenyewe ni hesabu ya tajiri ya siku kadhaa, na mimi leo sijapakia hata abiria mmoja."

"Marahaba, mwanangu," fundi akajibu bila ya kuinua macho. "Gari liliwaka?"

"Liliwaka, mzee."

"Basi nusu ya ufunguo wako ni nzima. Keti tuitafute nusu ya pili."

Maneno hayo, ndugu msomaji, ndiyo ufunguo wa habari yote.

UFUNGUO MMOJA, KAZI MBILI

Watu wengi hudhani kwamba ndani ya ufunguo wa kisasa mna kitu kimoja tu. La hasha. Katika magari mengi mna vitu viwili visivyotegemeana. Cha kwanza ni rimoti yenyewe: bodi ndogo yenye vitufe, inayotumia betri kutuma mawimbi ya redio hadi kwenye pokezi iliyo ndani ya gari. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya hutumia zaidi masafa ya megahezi 433.92, yale ya Japani na ya Marekani Kaskazini aghalabu hutumia masafa yanayokaribia megahezi 315. Ndiyo sababu rimoti mbili zinazofanana kwa sura kama mapacha zaweza kukataana kabisa na gari moja.

Cha pili ni chipu ya ulinzi, ambayo haina betri. Kuizunguka swichi ya kuwashia gari kuna waya uliosokotwa kama uzi kwenye kibiringo. Ufunguo unapoingizwa, waya huo huipa chipu nguvu kidogo kutoka kwenye gari, nayo hujibu kwa kutaja namba yake ya siri. Namba ikitambuliwa, injini huruhusiwa kuwaka. Kwa hiyo betri ya ufunguo hata ikiwa imekufa kabisa, gari la namna hii litawaka. Na gari likiwaka huku vitufe vikiwa kimya, jua kwamba chipu ni nzima, na ugonjwa unatafutwa upande wa rimoti peke yake.

Kwa magari yanayowashwa kwa kubonyeza kitufe, mambo ni hayo hayo kwa sura nyingine. Ndani ya ufunguo wake hufichwa ufunguo mdogo wa chuma, unaochomolewa kwa kusukuma kibanzi cha pembeni, wa kufungulia mlango wa dereva. Ukisha kuingia, kanyaga breki, ukaribishe ufunguo hadi ugusane na kile kitufe cha kuwashia, kisha ubonyeze. Baadhi ya magari yana tundu maalumu la kuuweka ufunguo badala yake. Usishtuke king'ora kikilia ulipofungua kwa chuma. Mara nyingi hunyamaza gari linapowashwa.

UCHUNGUZI WA KWANZA: BETRI

Fundi aliifungua rimoti ya kijana kwa ncha ya bisibisi, akaitoa betri na kuisoma maandishi yake. Hapo tukafundishwa somo la kwanza. Betri hizi bapa kama sarafu zimeandikwa herufi na tarakimu zenye maana. CR2032 ina upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. CR2025 ina upana huo huo, lakini unene wake ni milimita 2.5. CR1616 ina upana wa milimita 16 na unene wa milimita 1.6. Zote ni za lithiamu, na nguvu yake ni volti 3. Mtu akitumia 2025 mahali pa 2032, betri itaingia bila ya ubishi, ila itakuwa nyembamba mno kushikwa barabara na vibati vya kupokea umeme. Rimoti itafanya kazi leo na kukataa kesho, kama mfanyakazi asiye na moyo.

La pili ni upande. Uso mpana wenye alama ya kujumlisha hauna budi kuelekea pale ulipoelekea ule wa betri ya zamani. Rimoti nyingine huutaka juu, nyingine huutaka chini; kwa hiyo yafaa kuangalia vizuri kabla ya kuitoa betri iliyokufa, na kuitafuta alama iliyochorwa kwenye ganda.

La tatu ni uzima wa betri yenyewe. Betri iliyokaa rafuni miaka mingi, au ya kughushi, yaweza kuwa mpya kwa sura na mzee kwa nguvu. Betri nzima inapopimwa kwa mita huonyesha volti 3 au kuzidi kidogo. Mwombe muuzaji aipime mbele yako. Muuza haki hatakasirika. Tena ukiishika, ishike kwa kingo zake. Koleo la chuma likigusa nyuso zake mbili kwa pamoja huinyonya nguvu, na mafuta ya vidole huacha utando juu yake. Na kama betri imebandikwa karatasi ya plastiki, ibandue yote.

Betri ya kijana ilikuwa ya namba sahihi, upande sahihi, na mita ilisoma vizuri. Ugonjwa ulikuwa kwingine.

UCHUNGUZI WA PILI: VIBATI NA BODI

Fundi aliinamisha uso mpaka pua ikakaribia meza. Vibati viwili vyembamba huishika betri na kuupeleka umeme wake kwenye bodi. Anayeing'oa betri ya zamani kwa kisu au kwa nguvu za haraka hukilaza kibati, nacho hubaki kimelala pasipo kuigusa betri mpya. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa kijana yule. Fundi alikiinua kibati kwa ncha ya bisibisi, taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto mchanga. Kisha akakisugua kwa kifutio cha penseli mpaka uchafu ukatoka, akapangusa kwa kitambaa kikavu.

Alituonyesha pia mambo mengine ya kutazama: kutu ya kijani iliyoachwa na maji au jasho, ambayo husafishwa kwa spiriti na mswaki mlaini kisha bodi ikaachwa ikauke kabisa, risasi iliyopasuka pale kibati kilipolehemewa, jambo la kawaida kwa rimoti iliyoanguka mara nyingi, na swichi ndogo iliyo chini ya mpira wa kitufe, ambayo huchoka ikabonyea bila ya kutoa mlio. Hizo mbili za mwisho ni kazi ya fundi mwenye mkono uliotulia. Hizo za kwanza waweza kuzifanya nyumbani kwako, mezani, penye mwanga wa kutosha.

Betri ikarudishwa. Kitufe kikabonyezwa. Taa nyekundu ndogo ikawaka. Kijana akaruka kutoka kwenye benchi, akakimbia hadi gari lilipoegeshwa, akabonyeza. Gari halikujibu. Uso wake ukaanguka tena.

"Pole pole," fundi akasema. "Sasa rimoti inasema. Bado gari halijakubali kusikia."

UCHUNGUZI WA TATU: GARI NA RIMOTI WAPATANE

Hapa ndipo elimu ya hesabu inapoingia. Rimoti za kisasa hazitumi neno moja kila siku, kwani mwizi angelinasa na kulirudia. Kila unapobonyeza, namba mpya hutumwa, iliyo mbele ya ile ya awali, na gari nalo hukumbuka mahali lilipofikia. Namba iliyokwisha kutumika hukataliwa. Namba iliyo mbele kidogo hukubaliwa, maana gari hujua kwamba huenda ulibonyeza ukiwa mbali. Lakini mtoto akiichezea rimoti kutwa nzima sebuleni, au rimoti ikipoteza hesabu yake betri inapotolewa, wawili hao huachana njia. Rimoti ni nzima, gari ni zima, ila hawaelewani.

Dawa ni kuwapatanisha. Kwanza, funga milango yote na uondoe ufunguo kwenye swichi, kwa sababu magari mengi hayaitiki rimoti mlango ukiwa wazi au ufunguo ukiwa ndani. Pili, simama karibu na gari ubonyeze kitufe mara mbili au zaidi kwa kufuatana. Katika mifumo mingi, namba mbili zinazofuatana ndizo zinazolithibitishia gari kwamba mwenye kubisha hodi ni mwenyewe. Tatu, kama bado, fungua mlango wa dereva kwa meno ya ufunguo, ingiza ufunguo kwenye swichi, uzungushe hadi taa za dashibodi ziwake bila ya kuwasha injini, kisha ubonyeze kitufe cha kufunga. Magari kadhaa hupatana na rimoti yake kwa njia hiyo. Mengine yana utaratibu wake maalumu wa kufungua na kufunga milango kwa hesabu. Huo husomwa katika kitabu cha gari, wala haubahatishwi.

Yapo mawili zaidi. Betri kubwa ya gari ikiwa dhaifu, pokezi haitasikia hata rimoti ikipiga kelele namna gani; kwa hiyo angalia kama taa za ndani ni hafifu. Vilevile, jirani ya minara ya redio na televisheni mawimbi makubwa huyameza yale madogo. Kabla ya kuihukumu rimoti, lisogeze gari mahali pengine ujaribu tena.

Kijana aliyafuata maagizo. Alipofika kwenye hatua ya swichi, vifungio vya milango vilipiga "ta!" kwa pamoja, na waliokuwa barazani wakacheka kwa furaha kana kwamba gari lilikuwa lao. Fundi alitoza fedha kidogo ya kazi, sehemu ndogo sana ya ile iliyotajwa dukani. Dakika chache baadaye teksi ilikuwa imeingia barabarani kutafuta hesabu ya siku.

Haina maana kwamba rimoti mpya haihitajiki kamwe. Bodi iliyooza haifufuki. Ila ikibidi ununue, hakikisha masafa na aina vinalingana na gari lako. Fundi atakayelisajili gari na rimoti mpya, na akakuuliza kadi ya gari na kitambulisho kabla ya kuanza, usimwone msumbufu. Huyo anakulinda wewe na majirani zako. Tena mwombe akuhakikishie ni funguo ngapi zinazotambuliwa na gari lako, na ile iliyopotea ifutwe.

BETRI ILIYOKUFA SI MCHEZO

Kabla hatujaondoka, mama mmoja aliyekuja na mtoto mgongoni aliweka betri yake ya zamani ukingoni mwa meza. Fundi aliinyakua mara moja, akaizungushia utepe wa plastiki na kuitia katika kopo lenye kifuniko. Tukamwuliza kwa nini. "Hii imekufa kwa rimoti," akasema, "kwa mtoto bado ina nguvu."

Alisema kweli, na kwa ajili ya neno hilo tungeweza kuiandika makala hii nzima. Betri ya sarafu yenye milimita 20 ikimezwa na mtoto hukwama kooni kwa urahisi. Umate hukamilisha njia ya umeme, na upande wa hasi hutokea magadi makali yanayochoma nyama. Madhara makubwa yaweza kutokea ndani ya saa mbili tu. Hata betri isiyoweza tena kuendesha rimoti huwa na umeme wa kutosha kufanya hivyo. Dalili zake hudanganya: kutokwa na udenda, kukohoa, kukataa chakula, kama mafua ya kawaida.

Mzazi akishuku tu, asingoje dalili. Ampeleke mtoto hospitali yenye eksirei upesi, na aseme wazi kwamba huenda amemeza betri, kwa maana katika picha betri yaweza kudhaniwa kuwa sarafu. Asimtapishe. Mtoto aliyezidi umri wa mwaka mmoja, anayeweza kumeza, na aliyemeza betri katika saa 12 zilizopita, aweza kupewa asali vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10, visizidi mara sita, huku safari ya hospitali ikiendelea. Asali hupunguza mchomo. Haiondoi betri, wala si sababu ya kuchelewa njiani. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

Basi, ndugu msomaji, ukipita Gerezani usipite kama mwenye haraka ya kukimbia vumbi. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Barazani pale wamekaa watu waliojifunza kwa macho na vidole mambo yaliyobuniwa katika viwanda vya mbali, nao huyatengeneza kwa bisibisi na kifutio cha penseli. Rimoti yako ikinyamaza, anza na betri, fuata vibati, kisha upatanishe. Ukishindwa, mwendee fundi kabla hujamwendea muuza rimoti. Na ile betri kuukuu, ifunge kwa utepe, uiweke mahali ambapo mkono mdogo hauwezi kufika.